Kabla ya Tiketi, Tuchangie Bima

Kadi za harambee zinazopita mezani pangu, hapa karibu na lango la Chuo Kikuu cha Kibabii, zinafanana. Juu kuna picha ya kijana, chini yake nchi anayokwenda, kisha orodha ya mahitaji: tiketi ya ndege, viza, ada ya ajenti, koti la baridi, sanduku, hema na viti vya siku yenyewe, chakula cha wageni. Wananiletea kwa sababu mimi ni wakala wa M-Pesa na wa benki, na mara nyingi hunifanya mweka hazina. Nazisoma hadi mstari wa mwisho. Bima siioni. Akaunti ya benki siioni. Nasema hivi kwa uchungu, maana kadi ya pili, ile inayochapishwa mambo yakiharibika, huletwa kwangu pia, nayo huwa na hitaji moja tu: kusafirisha mwili.

Naomba tuupindue mpangilio huo. Bima ya afya na akaunti ya msafiri mwenyewe ziwe mistari miwili ya kwanza katika kila kadi ya safari, kutoka Kanduyi hadi Kitale, na pesa zikipungua basi hema, viti na pilau ndivyo vikatwe. Tiketi humfikisha mtu. Haimtibu akivunjika mguu, haimlindii mshahara, wala haimrudishi kwao.

Kwingineko duniani kuna viza ya likizo na kazi, ambapo kijana huruhusiwa kutembea nchi ya watu mwaka mzima huku akifanya vibarua vya kujikimu. Australia inaitoa kwa vijana wa makumi ya nchi, na Kenya haimo. Watoto wetu hupitia milango mingine. Wanafunzi wa chuo huenda Marekani kwa viza ya J-1 ya kazi za likizo, miezi isiyozidi 4, wakahudumu hotelini, wakalinda mabwawa ya kuogelea, wakauza vyakula kwenye fukwe na bustani za burudani. Waliojifunza Kijerumani huenda Ujerumani kwa kazi ya opea, yaani kukaa na familia kwa mwaka mmoja, kusaidia kulea watoto na kupewa posho. Na wengine wengi, hasa wasichana kutoka Chwele, Kimilili na Sirisia, huenda Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu kwa mkataba wa miaka 2. Safari ni tofauti, lakini kadi ya harambee ni ile ile.

Nianze na wanafunzi, kwa sababu wao hunijia na karatasi mkononi. Kanuni za Marekani zinamtaka kila mwenye viza ya J-1 awe na bima muda wote wa mpango wake, na viwango vimeandikwa wazi: angalau dola 100,000 za matibabu kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumhamisha mgonjwa mahututi, dola 25,000 za kurudisha mwili akifariki, na kile anachotoa mfukoni mwake kabla ya bima kuanza kulipa kisizidi dola 500. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hizo 25,000 peke yake ni zaidi ya shilingi milioni 3.2. Sikijui chama hapa Kibabii chenye kiasi hicho kwenye sanduku. Na mara nyingi bima hii huwa ndani ya ada ambayo mwanafunzi amekwisha kulipia shirika linalomdhamini. Kwa kuwa ameilipia, na aidai: apewe kadi yenye nambari ya bima, nambari ya simu ya kupigwa saa yoyote, na kijitabu cha masharti. Wengi hupanda ndege wakiwa wameona tu neno "imejumuishwa" kwenye risiti.

Kijana mmoja wa mwaka wa tatu alikaa kwenye benchi yangu akikifungua kijitabu hicho kwenye simu.

"Mama, mbona kurasa ni nyingi hivi?"

"Tafuta ukurasa wa mambo ambayo hawayalipii, mwanangu. Anzia hapo, mengine utayasoma njiani."

Ukurasa huo ndio wenye mambo. Meno huwa hayamo, ila yakivunjika kwa ajali. Ujauzito mara nyingi haumo. Ajali ya mtu aliyelewa haimo. Na linalotugusa sisi wa magharibi kuliko wengine: maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kununua bima. Huku kwetu seli mundu si ugonjwa wa kusikia redioni. Uko ndani ya nyumba, na watoto waliokua nao sasa ni wanachuo. Kijana wa namna hiyo akiuficha kwenye fomu kwa kuogopa kukataliwa, kisha akapatwa na maumivu makali usiku wa kwanza wa baridi, kampuni itaitisha rekodi zake na kukataa kulipa. Autaje ugonjwa wake, aulize kwa maandishi kama unalipiwa, na kama haulipiwi atafute bima ya ziada au aahirishe safari. Mwenye pumu, kisukari au kifafa afanye vivyo hivyo. Abebe dawa zake pamoja na barua ya daktari, zikiwa kwenye pakiti zake za asili.

Jingine la Marekani ambalo halimo kwenye kijitabu: kwa homa na jeraha dogo kuna zahanati za kuingia bila miadi, na kuna chumba cha dharura cha hospitali kubwa. Bili zake hazikaribiani hata kidogo. Mtoto aliyezoea kupelekwa moja kwa moja kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti atakimbilia kule kule kukubwa kwa kuumwa na koo. Aambiwe kabla hajaondoka.

Ujerumani mambo yamenyooka zaidi. Familia inayompokea opea ndiyo inayomlipia bima ya afya na ya ajali, juu ya posho ya euro 280 kwa mwezi. Pengo liko kwenye siku za mwanzo, kati ya kushuka uwanjani na kuandikishwa kwenye bima ya kule, na siku hizo huhitaji bima ya safari iliyonunuliwa huku nyumbani. Aendaye kuajiriwa kazi ya kawaida, na ni wengi wanaouliza tangu Rais Ruto na Kansela wa wakati huo Scholz wakutane Berlin Septemba 2024 makubaliano ya wafanyakazi yalipotiwa saini, ajue kwamba bima ya afya ya umma hukatwa kwenye mshahara: asilimia 14.6 na nyongeza kidogo, mwajiri akitoa nusu na mfanyakazi nusu. Hivyo mshahara uliotajwa kwenye mkataba siyo utakaofika kwenye akaunti, na ahadi za kujenga nyumba zipigiwe hesabu kwa kile kinachofika.

Sasa Ghuba, ambako moyo wangu uko zaidi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia ndani ya takriban miaka 2, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na vyeti vya wengi vikaandikwa kwamba moyo ulisimama. Wale ni watu 89, na pengine kila mmoja alikuwa na kadi ya harambee mahali fulani. Tangu Februari 2024 Saudia imeweka bima kwenye mikataba mipya ya wafanyakazi wa nyumbani inayopitia mtandao wake wa Musaned. Hiyo ni hatua njema, lakini bima ambayo nambari yake inajulikana na mwajiri na ajenti peke yao haiwezi kudaiwa na mama aliyeko Chwele. Nakala ya mkataba, nakala ya bima, jina kamili la mwajiri na jina la kampuni ya ajenti vibaki nyumbani, kwenye karatasi, pamoja na picha ya pasipoti. Simu hupotea, na simu ya msichana wa kazi hunyang'anywa.

Najua pingamizi linalofuata, kwa sababu nimelisikia kwenye kila kikao. Wazee husema kutaja kifo siku ya kumuaga kijana ni kumwitia mkosi. Naheshimu hofu hiyo. Lakini kwetu Wabukusu mtu huzikwa kwao, palipo na watu wake, na hakuna mzee hata mmoja kati ya hao wanaokataza mazungumzo haya atakayekubali mjukuu wake azikwe jangwani na wageni. Ikiwa tunashikilia kwamba lazima arudi, basi tumeshakiri kwamba kuna gharama ya kumrudisha, na swali lililobaki ni nani atailipa na lini. Nimeona familia ikingoja mwili majuma na majuma, kundi la WhatsApp likihesabu mia mbili mia mbili, ng'ombe akiuzwa, kipande cha shamba kikikodishwa, huku baba wa marehemu akiwa hajala. Watu wetu ni wakarimu mno. Ukarimu huo huo, ukitolewa mapema, ungenunua bima kwa sehemu ndogo sana ya zile pesa. Kampuni zetu huku Kenya zinauza bima ya safari, na nyingi zinauza ile ya gharama za mazishi ambayo vyama vya akina mama huinunua kwa pamoja. Jambo la kuuliza ni moja: je, inamlipia mtu akifia nje ya nchi? Jibu liwe kwa maandishi. Na anayeuza awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, maana vitabu vya risiti siku hizi huchapishwa na yeyote.

Kuna pia wanaodhani SHA, bima ya afya ya taifa, itawafuata. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na ni ya kutibiwa hapa nyumbani. Ukilazwa Doha au Ohio haitakushika mkono. Ila isisahaulike, kwa sababu ya wazazi. Chini ya mfumo huu mchangiaji hulindwa yeye, mwenzi wake na watoto wake. Mama na baba hujiandikisha wenyewe. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka kwa asiye na mshahara. Ningekuwa mimi naondoka, mchango wa wazazi ungekuwa malipo ya kwanza kutoka kwenye mshahara wa kwanza, maana ugonjwa wa mzazi ndio unaomaliza akiba za walio nje kuliko kitu kingine chochote ninachokiona hapa dirishani.

Nije kwenye akaunti, na hapa nitasema kama mtu wa kazi hii.

Mshahara uingie kwenye jina la aliyeutolea jasho. Usiingie kwa kaka, kwa mchumba, wala kwa ajenti "kwa muda". Dada mmoja alifanya kazi Ghuba mkataba mzima akituma pesa za ploti kwa laini ya ndugu yake. Kila mwezi ndugu alikuja kutoa, akinieleza kwa furaha habari za mawe na mabati. Aliporudi, dada alipelekwa kuonyeshwa shamba la mtu mwingine. Sitaki kusikia kwamba ni mambo ya familia moja. Muulize wakala yeyote, Webuye, Kimilili, Kitale, atakupa kisa chake. Tiba ipo na ni rahisi: fungua akaunti yako kabla ya kuondoka, pesa zije humo, na za kusaidia nyumbani zitoke humo kwa kiasi ulichopanga. Kama ni ploti au ujenzi, mwandikie mtu mmoja hati ya uwakili mbele ya wakili, ikitaja jambo moja tu analoruhusiwa kufanya, na malipo yaende kwa muuzaji mwenyewe. Anayekupenda hatachukizwa na karatasi.

Laini ya simu ndiyo ufunguo wa vyote hivyo. Ujumbe wenye nambari za kuthibitisha malipo ya benki huja kwenye laini ya Kenya. Ukiiacha kwenye droo nyumbani, umemwachia aliye nyumbani akaunti yako yote. Isafiri nawe, uwashe huduma ya kuitumia nje ya nchi kabla hujapanda ndege, na uitumie kidogo mara kwa mara, kwa kuwa laini iliyonyamaza miezi mingi hufungwa na kupewa mtu mwingine. Nambari ya siri usimpe mtu. Mimi mwenyewe, ambaye watu huniita mama, huwageuzia uso wateja wangu wanapoibonyeza.

Benki nayo iarifiwe kwamba kadi inasafiri. Benki nyingi huzuia kadi iliyoonekana ghafla Riyadh au Chicago, na kijana hubaki na njaa uwanjani huku akiba yake ikiwa salama Bungoma. Awe na njia mbili, kadi mbili au kadi na pesa taslimu kidogo, na zisikae mfuko mmoja. Akifika Marekani atahitaji akaunti ya kule kwa ajili ya mshahara. Aende na pasipoti na fomu ya DS-2019 inayotolewa na mdhamini wake, kisha nambari ya hifadhi ya jamii ikitoka aipeleke. Mwenye J-1 wa kazi za likizo hapaswi kukatwa makato ya hifadhi ya jamii na Medicare, kwa hiyo aitazame hati yake ya mshahara ya kwanza na aulize akiyaona. Kodi ya mapato hukatwa, na mwaka unaofuata hupeleka ripoti ya kodi hadi katikati ya Aprili, pengine akarudishiwa kiasi. Asiifunge akaunti kabla pesa hizo hazijaingia. Hundi ya dola iliyotumwa kwa posta hadi Bungoma ni taabu tupu. Na mtu akimwomba apokee pesa za "rafiki" kwenye akaunti yake ampelekee mwingine, akatae papo hapo. Pesa hizo mara nyingi zimeibwa, na jina litakaloandikwa polisi ni lake.

Kutuma nyumbani kuna hesabu yake. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma takriban dola bilioni 4.95, kwa takwimu za Benki Kuu, na kila mtumaji huacha kitu njiani. Umoja wa Mataifa umelenga ada ya kutuma ishuke hadi asilimia 3 ifikapo 2030, na Afrika bado tuko mbali. Kampuni ikikuambia kutuma ni bure, tazama bei wanayokupa kwa dola moja uilinganishe na bei ya Benki Kuu siku hiyo. Faida yao imelala hapo. Cha kulinganisha ni shilingi ngapi zitafika kwenye simu ya mama.

Halafu ajenti. Kabla ya shilingi yoyote kuondoka, jina la kampuni litafutwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo iko wazi kwenye mtandao. Kisha malipo. Unapotuma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuthibitisha. Nimewasimamisha watu hapa kwa sababu ya jina hilo: kampuni inaitwa hivi, lakini linalotokea ni jina la mtu binafsi. "Ni mhasibu wao, Mama," huniambia. Kampuni halali ina akaunti kwa jina lake na hutoa risiti. Mteja huwa na haraka, ajenti yuko kwenye simu akisema nafasi inajaa leo jioni, na mimi ninayekaa katikati yao sina amri ya kumkataza. Ninachoweza ni kumgeuzia simu alisome jina lile tena, polepole.

Kazi hii ya kukagua haifai kuachiwa wakala wa dirishani. Makanisa ndiyo yanayotangaza harambee hizi Jumapili. Basi mzee wa kanisa aombe kuiona bima kabla hajasoma tangazo. Machifu wana mabaraza. Mafunzo ya kabla ya safari ambayo wafanyakazi wa Ghuba hupewa yawe na siku nzima ya pesa na bima, na mzazi mmoja akae humo ndani. Kwa harambee zinazoletwa kwangu, nimeshaweka sharti: sishiki daftari la michango mpaka mistari ile miwili iwe juu ya kadi. Familia moja ilinung'unika, ikapunguza viti, ikanunua bima ya mwaka, na binti yao sasa anatuma picha ya risiti kila anapoweka akiba kwenye SACCO yake.

Na kwa Chuo Kikuu cha Kibabii, jirani yangu: mnao wanafunzi wanaojaza fomu za kazi za likizo ng'ambo wakati huu huu, wengi wao kwenye benchi yangu. Wapeni alasiri moja kabla ya mitihani, mwite mtu wa benki, mtu wa bima na daktari, na wanafunzi waje na mikataba yao isomwe pale pale. Nitafunga duka nije.